Mchunguzi wa Ajali Asiishi Nyumba Moja na Anayechunguzwa

Ukikaa Makambako, habari ya ajali hufika stendi kabla ya kufika redioni. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inakatiza mjini, ile ya Njombe na Songea inachepukia hapohapo, na basi la kwanza kupita eneo la tukio ndilo linalokuja na taarifa. Kondakta hajafungua hata buti, wauza mahindi ya kuchoma na vijana wa bodaboda wameshamzunguka. Basi la nani? Wamekufa wangapi? Ilikuwaje?

Ninachokiona kila mara ni kwamba swali la tatu hujibiwa haraka kuliko yale mawili ya kwanza. Idadi ya marehemu itabadilika mara kadhaa hadi jioni. Majina yatajulikana kesho, ndugu wakishafika hospitali. Lakini chanzo kinajulikana saa ileile: mwendokasi, uzembe wa dereva, kulipita gari la mbele bila tahadhari. Dereva ama amekimbia ama amefariki, na dereva aliyefariki ni mshitakiwa mzuri kuliko wote: habishi wala hakati rufaa. Tunasema ajali haina kinga, tunazika, tunarudi shambani kupalilia viazi. Miezi michache baadaye kondakta mwingine anashuka na habari ya mteremko uleule.

Wenzetu wa usafiri wa anga walishakataa kuishi hivyo. Kwao ajali ina kinga, na kinga hiyo ni kuijua vizuri ajali iliyopita. Lakini kinga hiyo haifanyi kazi kama anayetafuta chanzo analipwa na kupangiwa kazi na mkubwa yuleyule anayesimamia viwanja, leseni na minara ya kuongozea ndege. Msimamo wangu ni huu: Tanzania inahitaji chombo cha kuchunguza ajali za ndege kilicho nje ya wizara, chenye sheria yake, fungu lake la bajeti na ruhusa ya kuchapisha ripoti bila kumwomba waziri. Na sisi wa Njombe, ambao wengi wetu ndege huwa tunaitazama ikipita juu, jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Jumapili ya Bukoba

Tuanze na msiba tunaoukumbuka wote. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliondoka Dar es Salaam kwenda Bukoba ikiwa na watu 43: abiria 39 na wahudumu wanne, wakiwemo marubani wawili. Hali ya hewa Bukoba ilikuwa mbaya. Karibu saa tatu asubuhi ndege ikaanguka katika Ziwa Victoria, umbali mfupi tu kutoka uwanjani. Watu 24 walitoka hai. Watu 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao.

Picha zile nani amezisahau? Mkia wa ndege umechomoza juu ya maji, mitumbwi imeuzunguka, na pwani wananchi wamejipanga wakivuta kamba kwa mikono. Wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza kuaga miili katika uwanja wa Kaitaba na kuahidi uchunguzi. Kijana mvuvi, jina lake Majaliwa Jackson, akawa shujaa wa taifa, akapewa shilingi milioni moja na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Baada ya hapo tukabishana. Wiki nzima, kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye simu, nchi ilibishana nani hasa aliufungua mlango wa nyuma: yule kijana na kasia lake, au mhudumu aliyekuwa ndani. Sikatai, ni swali la haki. Kila mtu apewe sifa yake. Lakini tazama maswali tuliyoyaacha pembeni. Marubani walipewa taarifa gani za hali ya hewa, na saa ngapi? Uwanja wa kandokando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika ulikuwa na boti gani ya uokoaji, na mafuta kiasi gani ndani yake? Wazamiaji walikuwa na mitungi mingapi ya hewa? Nani aliwahi kukagua hayo, na lini?

Taarifa ya awali iliyoripotiwa na vyombo vya habari mwezi uleule iligusa hapo hapo panapouma: uokoaji ulichelewa na vifaa vilipungua, na huenda wengine wangepona kama msaada ungefika mapema. Maneno mazito hayo. Sasa jiulize yalikuwa yakimgusa nani.

Nyumba moja, vyumba vingi

Uchunguzi wa Bukoba uliangukia kitengo cha uchunguzi wa ajali za ndege kilichokuwa ndani ya wizara yenye dhamana ya uchukuzi. Hebu tuzunguke nyumba hiyo. Chumba kimoja wamo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wanaotoa leseni za marubani, kukagua mashirika na kuongoza ndege angani. Chumba kingine wamo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, wenye uwanja wenyewe. Kingine wamo Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao utabiri wao ndio rubani anausoma kabla ya kuruka. Ukumbini yumo Air Tanzania, shirika la umma, mshindani wa kibiashara wa kampuni iliyopata ajali. Na kwenye kachumba ka nyuma ndimo alimo mchunguzi, anayetakiwa kutoka na kalamu yake na kuandika bila woga kama kuna yeyote kati ya hao aliyekosea.

Sisemi wachunguzi wetu si waaminifu. Ni mafundi, wengine wamesomea kazi hiyo nje na wanaijua mpaka kwenye uzi wa skrubu. Tatizo ni kiti walichokalishwa. Wahenga walishaeleza kuhusu kesi ya nyani na hakimu ngedere, na hawakusema ngedere yule hakusoma sheria.

Ulimwengu nao umeshalitambua hilo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio katiba ya usafiri wa anga, una kiambatisho cha 13 kinachohusu uchunguzi wa ajali. Kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama wala dhima. Kinataka taarifa ya awali iandaliwe ndani ya siku 30, na ripoti ya mwisho itoke ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Isipowezekana, itolewe taarifa ya maendeleo kila inapotimia kumbukumbu ya ajali. Na kinataka kila nchi iwe na mamlaka ya uchunguzi iliyo huru, isiyofungamana na mamlaka za usafiri wa anga wala chombo kingine kinachoweza kuuingilia uchunguzi. Nchi iliyosanifu ndege nayo ina haki ya kutuma mwakilishi wake, ndiyo maana baada ya Bukoba tuliwaona wachunguzi wa Ufaransa, kwa kuwa ATR inaundwa Toulouse.

Kwa nini lawama ziwekwe kando? Polisi na mahakama wana kazi yao, wala hakuna anayewanyang'anya. Lakini fundi aliyekaza boliti vibaya hatasema mbele ya mtu anayeshika pingu. Atasema mbele ya mtu anayetaka kujua kwa nini taa ya karakana ilikuwa hafifu, kwa nini alikuwa kazini saa 16 mfululizo, kwa nini boliti mbili tofauti zinafanana hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika usafiri wa anga kifo hakiumbui mtu mmoja.

Mlango wa Windsor

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nadharia, kwamba mtu mwadilifu atasema kweli hata akiwa ndani ya wizara. Basi tuwatazame Wamarekani, ambao hawakuzaliwa na chombo huru. Walikipata baada ya kulipia.

Tarehe 12 Juni 1972, ndege aina ya DC-10 ya American Airlines ilikuwa juu ya mji wa Windsor, Kanada, mlango wake wa mizigo ulipofyatuka. Sakafu ya nyuma ikabonyea na nyaya za usukani zikaharibika, lakini rubani alifanikiwa kuitua Detroit na watu wote 67 walipona. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji, NTSB, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya mwavuli wa Wizara ya Usafirishaji, ilifanya kazi yake vizuri. Iligundua kasoro ya kufuli la mlango na kupendekeza ndege zote za aina hiyo zirekebishwe.

Mdhibiti, yaani FAA, alikuwa na uwezo wa kutoa amri. Hakuitoa. Bosi wa FAA na bosi wa kiwanda cha McDonnell Douglas walielewana kwa simu, kiungwana, kwamba kiwanda kitalishughulikia taratibu na kuwapa mashirika ushauri tu. Amri ingechafua jina la ndege mpya sokoni.

Tarehe 3 Machi 1974, DC-10 ya Turkish Airlines iliondoka Paris. Mlango uleule ukafyatuka, sakafu ikabonyea vilevile, nyaya zikakatika. Ndege ikaanguka katika msitu wa Ermenonville. Watu 346 walikufa, na hakuna aliyepona.

Mwaka uleule Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuitoa NTSB nje ya wizara, na mwaka 1975 ikasimama peke yake. Bodi hiyo haina uwezo wa kumfunga mtu wala kumnyang'anya leseni. Silaha yake ni kusema hadharani na kuendelea kuuliza: tuliwaambia hivi, mmefanya nini? Silaha ndogo, lakini mjumbe wa bodi aliye nje ya wizara anaweza kuitumia hata asubuhi waziri akiwa amenuna.

Kila mwamba ngoma

Nisije nikaonekana nawasifu Wamarekani kupita kiasi. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita tu baada ya kuruka kutoka Addis Ababa. Watu 157 walikufa. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Miezi isiyofika mitano kabla, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeua watu 189 Indonesia. Mfumo wa kompyuta uitwao MCAS uliishusha pua ya ndege kwa kufuata taarifa potofu za kihisio kimoja. Nchi moja baada ya nyingine zilizuia ndege hizo kuruka, China ikiwa ya mwanzo. FAA, ambayo ndiyo iliyoipitisha ndege hiyo na kuachia sehemu kubwa ya ukaguzi mikononi mwa Boeing wenyewe, ilijivuta hadi tarehe 13 Machi.

Ethiopia nayo ilipeleka vinasa sauti na mwenendo wa ndege Ufaransa visomwe huko, si Marekani. Nani angewalaumu? Lakini ripoti ya mwisho ilipotoka Desemba 2022, mzigo wote uliwekwa kwenye MCAS. NTSB na BEA, chombo cha uchunguzi cha Ufaransa, zilikubali kuwa MCAS ndicho kisa kikuu, ila zikalalamika kwamba suala la marubani na mafunzo yao halikuchambuliwa ipasavyo. Kumbuka kwamba shirika la ndege ni la serikali ya Ethiopia, na waliochunguza walikuwa wizarani katika serikali hiyohiyo. Marekani ina kiwanda cha kulinda, Ethiopia ina shirika la kulinda. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ndiyo maana namwamini zaidi mtu asiye na ngoma.

Na pesa je?

Hoja ya gharama ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Tanzania haina ajali kubwa za ndege kila mwaka, Mungu atuepushe, na maabara ya kusoma vinasa si kitu cha kununua kisha kikakaa kabatini. Mkulima wa Lupembe anayesubiri barabara ya chai ipitike masika atauliza kwa haki: hela hizo zisingejenga daraja?

Majibu yapo, tena kwa Waafrika wenzetu. Nchi za Afrika Magharibi zilizo katika Makubaliano ya Banjul, Nigeria na Ghana zikiwamo, zimeunda wakala wa pamoja wa kuchunguza ajali za ndege. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, pale Entebbe, lakini huo ni wa kusimamia usalama na kuoanisha kanuni. Tunashindwaje kuwa na maabara moja ya Afrika Mashariki, Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam, tukachangia gharama?

Jibu la pili nalipenda zaidi. Nigeria mwaka 2022 ilipanua chombo chake cha ajali za ndege kiwe cha kuchunguza pia ajali za reli na za majini. Watu walewale wanaojua kuhoji walionusurika, kulinda eneo la tukio na kusoma vinasa hawakai bure wakisubiri ndege ianguke. Nchi yenye TAZARA, yenye reli ya SGR, yenye maziwa matatu makubwa na Bahari ya Hindi itakosaje kazi ya kuwapa?

Hapo ndipo tume zetu zinapoumbuka. Mwaka 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikiwa imezidisha abiria na mamia ya watu wakafa. Iliundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga. Mwaka 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilizama karibu na Ukara kikiwa kimezidisha abiria, wakafa watu 228. Iliundwa tume chini ya Jenerali mstaafu George Waitara. Kati ya misiba hiyo miwili ni miaka 22, ziwa lilelile, kosa lilelile. Siwalaumu wenyeviti. Tume ikishakabidhi ripoti inavunjwa, wajumbe wanarudi makwao, na hakuna anayebaki ofisini kuuliza mwaka unaofuata kama pendekezo la saba limetekelezwa. Chombo cha kudumu kina kazi hiyo moja ya kuudhi: kukumbuka.

Kuna pia bei isiyoandikwa kwenye vitabu vya bajeti. Chukua nyumba ya kawaida Njombe. Baba ana ekari mbili za maparachichi zilizopandwa kwa mkopo, mama ana hisa VICOBA, mtoto mmoja yuko chuo. Mmoja wao anapata rufaa ya Muhimbili, ndugu wanachanga, anakwenda kupandia ndege Songwe au Songea kwa kuwa mgonjwa hawezi kukaa kwenye basi kutwa nzima. Ndege hiyo ikipata ajali, nyumba nzima inaingia kwenye mazungumzo na watu wa bima ikiwa haina hata karatasi moja ya kusimamia. Kampuni ina mawakili. Familia ina cheti cha kifo. Ripoti huru iliyochapishwa haimrudishi marehemu, wala haikuandikwa kwa ajili ya kesi. Lakini mjane anajua kilichotokea, kwa lugha inayoeleweka, bila kusubiri hisani ya mtu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ripoti inayokaa miaka bila kutoka haimlemei yeyote isipokuwa huyo mjane.

Shimo la Changarawe

Nirudi barabarani, maana huku ndiko tunakofia wengi. Tarehe 11 Machi 2015, eneo la Changarawe pale Mafinga, kontena la lori lililalia basi la Majinja lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Zaidi ya watu 40 walikufa. Taarifa za siku zile zilitaja shimo lililokuwa barabarani na gari kulikwepa. Basi tuhesabu pamoja: kuna dereva, ndiyo. Kuna pia shimo, na mtu aliyetakiwa kuliziba. Kuna kontena, na namna lilivyofungwa. Kuna mizani ambako lori hupimwa uzito, lakini je, kuna anayekagua kufuli za kontena? Kwa macho ya mchunguzi wa ndege hizo ni pete za mnyororo mmoja, na ukikata yoyote kati yake watu wanafika salama. Kwa macho ya askari wa usalama barabarani, ambaye sheria imemtuma kutafuta mkosaji, kazi huishia kwa dereva.

Vifaa vya kuanzia tunavyo. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kinachofuatilia mwendo wake, kinachojua basi lilikuwa na spidi gani na liko wapi. Ni kinasa cha barabarani. Leo kinatumika zaidi kumnasa dereva aliyekimbiza gari. Kikiwa mikononi mwa chombo huru kingeweza kutuonyesha ni mteremko upi ambao madereva wote, wazuri na wabaya, wanafunga breki kwa hofu, na hapo wahandisi wakaitwa.

Lakini huwezi kupeleka barabarani utaratibu ambao hata angani hujausimamisha vizuri. Tuanzie kwenye ndege, ambako kanuni zimeshaandikwa, sahihi yetu ipo na macho ya dunia yanatutazama. Kitengo cha uchunguzi kitolewe wizarani na kipewe sheria yake. Mkuu wake ateuliwe kwa muda maalumu, asiweze kuondolewa kwa sababu ripoti imemkera mtu. Ripoti zichapishwe kwa Kiswahili pia, si kwa Kiingereza cha mafundi peke yake. Kila pendekezo lijibiwe hadharani ndani ya siku zilizotajwa kisheria: tumelikubali, au tumelikataa kwa sababu hizi.

Bunge lina Kamati ya Kudumu ya Miundombinu, na kanuni zake zinamruhusu mbunge yeyote kuleta hoja binafsi. Wabunge wa Makambako na Njombe wanapita barabara hii kila wanapokwenda Dodoma, na wanapita pia viwanja vya ndege. Mbunge wenu akija kwenye mkutano wa hadhara, mkishamaliza kumwuliza habari za maji na mbolea, mwulizeni na hili: uchunguzi wa ajali ya Bukoba umefikia wapi, ripoti inasomwa wapi, na yeye ataleta lini bungeni hoja ya kumtoa mchunguzi nje ya wizara?